Spika Zisizo na Boksi: Sauti Safi Ilivyomfikia Mtu wa Kipato cha Kawaida

Ukimtajia mtu spika, picha inayomjia haraka ni boksi. Boksi la mbao, na ndani yake koni inayosukumwa na koili na sumaku. Mpangilio huo ni wa zamani kweli. Wahandisi wawili wa General Electric ya Marekani waliueleza mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani, kuanzia ya redio ya mezani hadi ya ukumbi wa disko, zinafuata njia hiyo hiyo.

Shida ya boksi ni kwamba nalo linaimba. Koni ikicheza, mbao zinatetemeka, na sauti ya mwimbaji inatoka na kamwangwi ambako studio hakakuwapo. Kulituliza boksi kunataka mbao nzito na fundi makini, na hapo ndipo bei inapopaa. Je, mwenye mfuko mdogo abaki kusikiliza muziki unaotoka kama ndani ya ndoo? Kuna jamaa wachache waliokataa. Jibu lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: ondoa boksi.

Wa kwanza kufanikiwa sokoni alikuwa Mwingereza mmoja mwenye kiwanda kidogo mjini Huntingdon. Mwaka 1957 kiwanda chake kilianza kuuza spika ya Quad ESL. Ilikuwa bapa, yenye wavu wa chuma mbele, na mgeni asiyejua angedhani ni hita ya kupashia chumba joto. Ndani yake kulikuwa na utando mwembamba wa plastiki katikati ya bati mbili zenye matundu, uliochajiwa umeme wa volti elfu kadhaa. Muziki ukipita kwenye bati, utando unavutwa na kusukumwa wote kwa pamoja. Kwa kuwa ni mwepesi mno, huanza na kukoma papo hapo, haubaki ukiyumba kama koni nzito.

Matokeo yake yaliwashangaza wasikilizaji. Sauti ya binadamu ilitoka safi kiasi kwamba hata leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, wapo wanaozikarabati spika hizo za kale ili waendelee kuzisikiliza.

Lakini hakuna cha bure. Ukifungulia sauti kupita kiasi, umeme unaruka ndani na cheche zinaweza kuharibu utando. Besi nzito haipo. Ukisimama au ukisogea pembeni, sauti nyembamba zinafifia. Halafu kila spika ilitaka kuchomekwa kwenye soketi ya umeme. Mtengenezaji aliyajua yote hayo. Alichagua kuipoteza ngurumo ili ailinde sauti ya mwimbaji. Toleo lililofuata, ESL-63, lilifika sokoni mwaka 1981 baada ya kazi iliyoanza 1963, miaka 18 mizima! Lilikuwa bora zaidi, ila halikuwa la mtu wa kipato cha kawaida.

Upande wa pili wa bahari, Minnesota nchini Marekani, mhandisi wa kampuni ya 3M alikuwa na ugonjwa huo huo wa kupenda spika bapa. Akaona volti zile kubwa zinaweza kukwepwa kwa kutumia sumaku. Alichukua utando wa plastiki, akagandisha nyaya nyembamba juu yake, kisha akaunyoosha mbele ya safu za sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye nyaya, utando mzima unacheza. Hakuna soketi wala cheche. Mwaka 1969 akaanzisha Magnepan katika mji wa White Bear Lake.

Spika zake za mwanzo zilikuwa kubwa kama pazia la mbao la kukunja linalotenga chumba. Baadaye kampuni ikashuka kwa mnunuzi mdogo. Ilitoa modeli ya MMG, iliyouzwa moja kwa moja kutoka kiwandani ili kukwepa faida ya muuza duka. Mwaka 2019 ikafuata LRS, jozi kwa dola 650. Kila moja ina urefu wa takriban sentimita 122 na unene wa sentimita mbili na nusu tu. Ni kama mlango mwembamba uliosimamishwa sebuleni.

Zikisikilizwa zinakuwaje? Zikiwekwa vizuri, spika zenyewe ni kama zinatoweka. Mwimbaji anasimama katikati, kwa kimo cha mtu. Gitaa la nyuzi linasikika mpaka ule mkwaruzo wa kidole. Ila mpenda ngoma ataondoka na njaa, maana pigo la ngoma kubwa lile la kugonga kifua halifiki.

Mtego uko kwenye amplifaya. Spika hizi zina ohm 4, na unyeti wake ni takriban desibeli 86. Ikikosa desibeli 3 tu ukilinganisha na spika nyingine, inadai wati mara mbili ili ifikie sauti ile ile. Hata NAD 3020, ile amplifaya ya bei nafuu ya mwaka 1978 iliyosifika dunia nzima kwa wati zake 20, itaziimbisha kwa upole chumbani, lakini karamu haiwezi. Wengi hununua spika kwa bei poa, kisha wanajikuta pesa waliyookoa imeishia kwenye amplifaya.

Kuna na nafasi. Spika bapa hutoa sauti mbele na nyuma sawasawa. Ukiibandika ukutani, sauti ya nyuma inarudi na kuvuruga ya mbele. Inataka kama mita moja ya kupumua nyuma yake, na si kila sebule ina mita hiyo ya ziada.

Ndiyo maana hadithi ya spika hizi haiishii kwenye bei. Wale jamaa walishusha gharama kwa kukubali hasara fulani waziwazi, na kila mnunuzi naye inambidi aikubali hasara ile ile. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu pesa, pima sebule.