Pishi, debe na kilo: mchele wa walima kutoka Kibaoni

Harusi zikikaribia, wengi wetu visiwani tunaagiza mchele wa Kilombero, na simu zinapigwa hadi Kibaoni, Ifakara. Kule utatajiwa bei kwa debe, bibi nyumbani anahesabu kwa pishi, mpishi anataka kilo. Bibi harusi mtarajiwa anafungua tovuti ya kubadili vipimo, anaandika "debe", wapi!

Sababu iko kwenye historia. Kilo na ratili ni uzito, na hapo tovuti haikosei: ratili 1 ni gramu 453.6. Frasila, iliyopimiwa karafuu na pembe za ndovu, nayo ni uzito: ratili 35, karibu kilo 16. Lakini pishi ni chombo. Ina vibaba 4, na ya mchele ilihesabiwa kama ratili 6. Pishi ya karafuu, anayoijua kila mchumaji wa Pemba, haiwezi kuwa na uzito huo. Debe nalo lilianza kama bati la mafuta ya taa, galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 hivi. Likijazwa mpunga, na maganda yake, huwa jepesi kuliko likijazwa mchele.

Masheikh wetu walipofasiri saa' ya Mtume (s.a.w.) waliiita pishi, na mudi wakaiita kibaba, maana saa' nayo ina mudi 4. Ndiyo maana kila Ramadhani huyu anasema fitri ni kilo 2 na nusu, yule anasema 3: ujazo unageuzwa uzito, na nafaka hazilingani. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba kwa mmoja wa wake zake Mtume (s.a.w.) alifanya walima kwa mudi mbili za shayiri. Nusu pishi, dada zetu! Na sisi tunagombania magunia.

Basi ukipiga simu Kibaoni, uliza kwanza: debe la mpunga au la mchele? La kusawazishwa au lenye kilele? Gunia ni la kawaida au lumbesa? Mwombe muuzaji aweke debe moja kwenye mizani mbele ya mtu wako. Likitoka kilo 15, madebe 10 ni kilo 150, na bei mkubaliane kwa kilo kabla pesa haijatumwa.