Nani Anachekwa Uwanjani?

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi wa Kenya ilipokataza klabu za mpira kubeba majina ya kikabila, viongozi wa Abaluhya FC, timu iliyoanzishwa 1964, walisaka maneno ya Kiingereza yatakayoziokoa herufi zao. Wakapata All Footballers' Confederation. AFC ikabaki AFC, ikaongezewa Leopards, na mashabiki wa Bungoma na Kitale wakaendelea kuiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya, na kuipigia ngoma za isukuti. Mtunzi wa vichekesho angebuni nini zaidi?

Kabila lililofukuzwa uwanjani lilikuwa likistawi kwenye televisheni. Katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, Mjaluo maarufu kuliko wote, Mzee Ojwang, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mkewe kipindini, Mama Kayai, alikuwa Mary Khavere, Mluhya. Nadhani kubadilishana makabila huko kuliwezekana kwa sababu kila mmoja alichekwa kwa zamu. Lakini mizaha mingine iliganda: Mluhya akawa bawabu anayewaza kuku na chai, Mkalenjin akawa miguu isiyo na ulimi. Msabaoti wa Bungoma, Mkalenjin aliyezungukwa na Waluhya wa Kibukusu, hakutajwa kabisa.

Wageni hawakufanya vizuri zaidi. Tour de Pharmacy ya 2017, filamu ya Marekani inayojifanya habari za kweli za mbio za baiskeli za 1982, inamleta mwakilishi wa Nigeria: mzungu, mwana wa mfanyabiashara wa almasi. Kejeli inawalenga wenye mchezo, sawa. Hata hivyo Mwafrika mweusi haonekani kwenye nafasi hiyo. Kwetu, The Samaritans ya Hussein Kurji ilitumia mtindo huohuo kuyacheka mashirika ya misaada. Michezo ingali inasubiri zamu yake.

Na mhusika tulikuwa naye, mpaka alipofariki mwaka 2020. Ben Jipcho, Msabaoti wa Mlima Elgon, aliingia fainali ya Olimpiki ya mita 1500 huko Mexico mwaka 1968 na kuupiga mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56, mwendo wa kujiua, ili Jim Ryun wa Marekani asipate nafasi ya kumfikia Kipchoge Keino. Keino akatwaa dhahabu. Jipcho akamaliza wa kumi. Filamu ya kawaida ingempa sekunde mbili. Mimi ningaliiweka kamera mbele yake na kumwuliza alikuwa anawaza nini, kisha ningalimwacha aeleze kwa Kisabaoti mpaka achoke, pamoja na dhahabu mbili alizojitwalia mwenyewe kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974.