Ndururu Juu ya Sindano

Babu yangu aliacha santuri kumi na saba, zote zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Zimekaa chini ya kitanda cha Magokoro (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii) ndani ya katoni ya sabuni, nyumbani kwetu upande wa Kebirigo, Nyamira. Mashine yenyewe iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kubebeshwa picha za harusi za watoto wote sita. Mwaka juzi niliitoa picha, nikainua mkono wake, nikakuta ndururu ya kikoloni, ile yenye tundu katikati, imefungwa kwa utepe mweusi juu ya sindano.

"Hiyo usitoe," Magokoro akasema. "Babu yako ndiye aliiweka. Bila hiyo wimbo unaruka."

Alikuwa anasema kweli. Nilitoa, wimbo ukaruka. Nikarudisha, wimbo ukatulia, lakini sauti ilitoka kama mtu anayeimba huku anakaanga samaki. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba ile ndururu iliyokuwa inaokoa nyimbo za babu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inazila.

Kuelewa hilo, inabidi turudi nyuma kidogo.

Santuri ilifika Afrika Mashariki ikiwa kitu cha pwani na cha wenye nafasi. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimchukua Siti binti Saad kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri zake zikauzika sana. Huku kwetu milimani gramofoni ilipanda polepole: kwa wamisheni, kwa wenye maduka, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa askari wa KAR waliorudi nyumbani na magitaa na vinanda vya mkono. Ilikuwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, bila umeme, na sindano yake ya chuma ilitakiwa kubadilishwa karibu kila upande wa santuri. Nani alikuwa na sindano za kubadilisha kila baada ya dakika tatu? Watu walitumia moja mpaka ikawa butu kama msumari.

Lakini hata hivyo watu walisikiliza, na walisikiliza kwa makini. Ukitoka Borabu, Nyamira, ukapita Sotik, utafika Kapkatet kabla hujamaliza chupa ya soda. Hapo, mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika hapo kijijini kupitia gramofoni. Sauti isiyo na mwili ilikuwa imetoka ndani ya sanduku, na majirani zetu wakaipa jina, tabia na wimbo wake wenyewe. Mimi nikisikia mtu akisema watu wa mashambani walikuwa wanasikiliza tu juujuu, namkumbusha Chemirocha.

Halafu ikaja ile santuri ndogo. Kampuni ya RCA ya Marekani iliileta sokoni 1949, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nairobi ikawa na kiwanda chake cha kuchapa santuri. Hapo mambo yalibadilika. Mwimbaji wa Ekegusii, Kijaluo au Kikalenjin hakuwa tena na haja ya kungoja mzungu mwenye gari la kurekodia. Kericho kulikuwa na duka la Chandarana, ambalo lilirekodi wanamuziki wa Bonde la Ufa na magharibi na kutoa santuri kwa nembo yake. Kutoka Kisii hadi Kericho ni safari ya asubuhi moja. Santuri tano kati ya zile kumi na saba za babu zina nembo hiyo.

Na hapa kuna jambo ambalo msee wa kizazi cha flashi hawezi kulijua mpaka aambiwe. Upande mmoja wa santuri ya 45 unabeba dakika tatu, nne hivi. Wimbo wa benga au rumba haukutoshea. Kwa hiyo waliukata katikati. Upande A ndio wenye maneno: kisa, majina ya watu, mawaidha, kilio. Upande B ndio wa magitaa, pale wimbo unapokolea na watu wanasimama kucheza. Wimbo mmoja, nyuso mbili.

Stima ilichelewa sana kufika vijiji vingi vya Gusii. Mashine ya babu ilikuwa ya betri, ndogo ya plastiki, aliyoinunua kwa pesa za pareto. Mashine za aina hiyo zilikuwa na katriji ya kauri iliyokanyaga santuri kwa uzito wa gramu kadhaa, na mara nyingi ncha ya sindano ilikuwa yakuti, ambayo huisha mapema kuliko almasi. Sindano ikiisha inakuwa na makali. Haikai tena ndani ya mfereji, inateleza, wimbo unaruka. Dawa ni sindano mpya. Lakini sindano mpya ilikuwa Kisumu au Nairobi, na ndururu ilikuwa mfukoni. Babu akaweka ndururu. Sindano yenye makali, ikiwa na mzigo juu, ikaendelea kulima mfereji kama plau, Krismasi baada ya Krismasi.

Sio yeye peke yake. Nimeuliza wazee kuanzia Keroka mpaka Suneka, na kila mmoja anacheka: wengine waliweka sarafu, mwingine kifundo cha udongo, mwingine betri kuukuu. Ilikuwa teknolojia ya nchi nzima.

Kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliwaokoa watu na sindano. Kaseti hairuki ukicheza nayo kwenye matatu ya barabara mbovu. Ila pia inanakiliwa kirahisi, na nakala za wizi ziliziangusha kampuni zilizokuwa zikilipa gharama za kurekodi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 santuri Kenya ilikuwa imekwisha. Henry Sagero na Riakimai 91 Jazz niliwajua kupitia kaseti za mjomba, sio santuri. Kisha zikaja CD, mwanzoni za kununua, baadaye za kuchomwa kwenye kompyuta na kuandikwa kwa kalamu ya wino. Sasa tuna woofa yenye taa za kumetameta na tundu la flashi. Kila mashine mpya ilikuwa na kelele zaidi au wepesi zaidi wa kubeba. Usafi wa sauti haukuwa ajenda, na siwalaumu. Harusini unataka kusikika mpaka kwa jirani.

Shida ni kwamba santuri nyingi za Ekegusii zilichapwa chache, na sijui uende wapi leo ukatafute kanda za awali. Kwa nyimbo kadhaa, katoni ya chini ya kitanda ndiyo maktaba yenyewe. Ukiicheza vibaya, unafuta. Ndiyo maana nilianza kutafuta vyombo, na ndiyo maana nilijifunza kwamba mpangilio wa kutumia pesa ni muhimu kuliko kiasi cha pesa. Mimi sikuwa na doo ya maana.

Shangazi yangu anaishi Minneapolis, ambako Wakisii wamejaa kiasi kwamba unaweza kuishi wiki nzima bila kuongea Kiingereza. Alinitumia mashine ya santuri ya miaka ya sabini, nzito, nzuri, aliyoipata kwenye duka la mitumba. Nikaichomeka kupitia transfoma ya kushusha umeme, maana kule ni volti 120 na hapa ni 240. Mwimbaji akatoka na sauti ya mlevi anayeelekea kulala. Kumbe transfoma hurekebisha volti tu. Mota ya aina ile hufuata mapigo ya umeme, na Marekani ni 60 kwa sekunde, Kenya 50. Mizunguko 45 inakuwa 37 na nusu. Buda mmoja mwenye leni ya vyuma mjini Kisii alinisikiliza, akapima kapi dogo la shaba lililo kwenye mota, akanichongea lingine lenye kipenyo kikubwa zaidi kwa sehemu moja ya tano. Tulibandika kipande cha karatasi kwenye santuri tukahesabu mizunguko kwa saa ya simu. Arobaini na tano kamili. Alinitoza mia tano na kuomba aletewe santuri moja asikilize.

Pesa ya kwanza kubwa ilikwenda kwa sindano. Elfu tatu na mia tano, ncha ya almasi, ya duara, ambayo inakaa vizuri kwenye santuri za zamani. Inakanyaga kwa gramu mbili hivi, na uzito huo unapimwa kwa mizani ndogo ya sonara. Hiyo ndiyo hatua pekee inayolinda wimbo. Nyingine zote zinakusaidia wewe tu.

Ya pili ni amplifaya. Katriji ya sumaku hutoa takriban milivolti tano. Mashine ya CD hutoa takriban volti mbili, yaani mara mia nne. Isitoshe, wakati wa kukata santuri besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa, ili mifereji itoshee na mkwaruzo upungue. Lazima kuwe na saketi ya kuigeuza tena. Ukichomeka santuri moja kwa moja kwenye woofa utasikia nyuki ndani ya kopo. Kuna vifaa vidogo vya kazi hiyo, lakini mimi nilinunua amplifaya ya mitumba kutoka Uingereza, ya enzi za kaseti, yenye tundu limeandikwa PHONO nyuma. Saketi iko ndani tayari, na umeme wa Uingereza ni kama wetu. Hata ina kitufe cha mono. Santuri hizi nyingi ni za mono, na ukikibonyeza, sehemu ya mikwaruzo inajifuta yenyewe.

Ya tatu ilikuwa bure, karibu. Sebule ya Magokoro ina sakafu ya mbao, na kila mtoto akipita sindano inatetemeka. Nilienda Tabaka, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni, nikaomba kibamba ambacho hakingefaa kwa kinyago. Nikakiweka juu ya vipande vya mpira wa tairi, na mashine juu yake. Jiwe linalouzwa kwa watalii kama viboko na sahani za chess sasa linashikilia benga. Ndugu zangu wanacheka, lakini sindano haitetemeki.

Spika mbili za mbao zilikuja mwisho, na ni CD iliyonifundisha kazi yao. Tulikuwa na CD ya kuchomwa ya mzee mmoja akipiga obokano, ule zeze wetu mkubwa wa nyuzi nane unaonguruma chini kabisa. Kwenye woofa ilikuwa mngurumo mmoja, bum-bum, kama lori limesimama nje. Niliichezea kwa DVD ya zamani iliyounganishwa kwenye amplifaya, spika zikiwa mbali na ukuta. Nyuzi za chini zikatengana. Ulisikia kidole kikiacha uzi mmoja na kushika mwingine, na ngozi ya ala ikinung'unika katikati. Woofa hukupa besi. Haikwambii ni uzi gani. Hiyo CD niliinakili siku hiyo hiyo, kwa sababu CD za kuchomwa hufifia, hasa zikiachwa kwenye mwanga.

Wikendi ya kwanza nilisafisha santuri zote kwa maji ya betri, yale safi yanayouzwa petroli stesheni, sio asidi, na tone la sabuni ya vyombo. Magokoro alikaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai. Nilianza na ile aliyoiomba, ya nembo ya Chandarana. Nembo yenyewe imefutwa na vidole, jina la mwimbaji halisomeki. Bila kufikiria nikaweka upande B, kwa sababu ndio wenye magitaa.

Ulikuwa umekufa. Mifereji ilikuwa ya kijivu, na pale gitaa lilipopaswa kupanda palikuwa na upepo mtupu. Sindano ya almasi na kibamba cha Tabaka haviwezi kurudisha kilichokwisha kulimwa. Nilitaka kuomba msamaha kwa niaba ya ndururu.

"Geuza," akasema.

Nikageuza. Upande A uling'aa karibu kama mpya. Maneno yalitoka mazima, kila moja, na nyuma ya mwimbaji kulikuwa na sauti ya pili, ya mwanamke, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia kutoka kwa mashine ya babu. Magokoro aliweka kikombe chini.

"Ninyi watoto hamkuwa mnaacha huu umalizike," akasema. "Mlikuwa mnakimbilia kucheza. Na babu yako pia."

Nilirekodi upande huo kwenye kompyuta mara moja, nikatuma nakala Minneapolis. Wimbo ulipoisha nilinyoosha mkono kuinua sindano, nikamuuliza tucheze upi sasa kati ya zile kumi na sita zilizobaki.

"Huo huo," akasema. "Uanze mwanzo. Kuna jina ametaja pale katikati, nataka nilisikie tena."