Bayoteknolojia darasani: Maandalizi ya mwalimu ndiyo msingi

Mwanafunzi wa Kisauni huiona bayoteknolojia nyumbani kabla ya kuisikia ikitajwa shuleni: hamira inayoumua mahamri ni viumbe hai vidogo vinavyotumikishwa na binadamu. Hata hivyo, afikapo kwenye mada ya jenetikia katika Kidato cha Nne, uhandisi wa jeni unaweza kumfikia kama maelezo ya kukariri tu, iwapo mwalimu mwenyewe hajapata kuufanyia mazoezi.

Juhudi za kuziba pengo la aina hii zilianza mwaka 1998, Serikali ya Kenya na shirika la JICA la Japani zilipozindua mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili. Kituo cha CEMASTEA, kilichoundwa mwaka 2004 mtaani Karen, Nairobi, kiliendeleza kazi hiyo. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu wenzao wakati wa likizo. Nguzo yake ilikuwa moja: mwanafunzi atende mwenyewe, na kifaa kikikosekana, mwalimu abuni mbadala.

Kwa bayoteknolojia, mbadala upo. Ndizi mbivu hupondwa na kuchanganywa na maji, chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha huchujwa. Sabuni huvunja utando wa seli. Spiriti baridi ikimiminwa polepole juu ya maji hayo, mbali na moto, nyuzi nyeupe za DNA hujitokeza.

Ujuzi huu una uzito nje ya darasa. Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama wa Kibayolojia mwaka 2009, ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO mwaka 2012, ikaidhinisha pamba ya Bt mwaka 2019, na Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku hiyo mwaka 2022, hatua iliyozua kesi mahakamani. Katika mjadala huo, wengi huchanganya mambo. Mche wa mgomba uliokuzwa maabarani kutokana na kipande cha tishu haujaongezwa jeni yoyote. Pamba ya Bt imetiwa jeni ya bakteria ili kuua viwavi.

Mwalimu aliyefunzwa vyema hamwambii mwanafunzi akubali au akatae. Humwezesha kutofautisha, ili aamue kwa ujuzi, si kwa uvumi.