Maktaba, Toleo na Mapatano katika Programu za Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuzoeleka katika Kiswahili, maktaba na toleo huhesabiwa kuwa ni nyepesi. Yote mawili ni maneno ya watu wa vitabu yaliyohamishiwa katika fani mpya, na msomaji huyaelewa bila ya kufafanuliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba la kwanza limehama salama, bali la pili limebebeshwa dhana mbili zisizolingana, na kwamba mkanganyo huo si wa maneno matupu: umewahi kuzifanya programu nzima zishindwe kufanya kazi.

Maktaba ya programu ilipoanza ilikuwa kabati. Huko Cambridge, Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi Mei 1949, na wakuu wa kazi hiyo, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill, waliona haina maana kila mtu ajitungie upya hesabu ya kipeuo cha pili. Basi vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa vilitobolewa katika tepe za karatasi na kuhifadhiwa. Kufikia 1951 vilikuwa 87. Aliyehitaji kipande alikichukua, akakinakili katika utepe wake mwenyewe, kisha akakirudisha mahali pake. Kwa namna hiyo kila programu ilikuwa na nakala yake, kama hati za tenzi zilivyonakiliwa kwa mkono Pate na Lamu: kuisahihisha nakala moja hakukuibadili nyingine. Makosa yalidumu katika nakala, lakini hapakuwa na ugomvi wa matoleo.

Ugomvi ulizaliwa na ushirika. Wazo la programu nyingi kutumia nakala moja ya maktaba iliyomo katika mashine lilijaribiwa katika mfumo wa Multics, ulioanzishwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, nalo likaenea katika jamii ya mifumo ya Unix miaka ya 1980. Faida zake ni dhahiri: kumbukumbu ya mashine huokolewa, na kosa likirekebishwa mara moja programu zote hunufaika. Lakini mlango huo huo hupitisha madhara. Maktaba ikibadilishwa, programu ambayo mtungaji wake hakuulizwa, pengine amekwisha kufariki, hubadilika nayo.

Katika mashine za Windows za miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya kuliko kwingine, kwa sababu maktaba za ushirika ziliwekwa katika saraka moja, na programu mpya iliweza kuiandika maktaba yake juu ya ile iliyokuwapo, hata kama yake ndiyo kuukuu. Mtu aliweka mchezo wa watoto leo. Kesho programu ya hesabu za duka ikagoma. Windows 2000 ilikuja na ulinzi wa kuyazuia mafaili ya mfumo yasiandikwe juu.

Wahandisi wa Unix walishika njia ya majina, na hapa ndipo mwanaistilahi anapopaswa kusimama kidogo. Katika SunOS 4.0, ya mwaka 1988, maktaba ilibeba namba mbili mwishoni mwa jina. Namba ndogo ilipoongezeka, maana yake ilikuwa: tumeongeza, hatukuvunja. Namba kubwa ilipoongezeka, programu ya zamani ilijua kwamba haimo tena katika mapatano. Namba hiyo kubwa haikusema lolote kuhusu ubora wa maktaba wala juhudi iliyotumika. Ilikuwa ahadi. Mwenye kuzoea sarufi yetu ataielewa upesi: nomino ikihama ngeli, kitenzi chenye kiambishi cha zamani hakipatani nayo tena, hata kama mzizi haukuguswa.

Mfano ulio bora wa namba hizi mbili kutengana ni maktaba ya lugha ya C katika mfumo wa Linux. Watu wa Linux walikuwa na maktaba yao iliyofikia namba 5. Mwaka 1997 waliihamia ile ya mradi wa GNU, ambayo kwa hesabu ya watungaji wake ilikuwa toleo la 2.0. Kwa kuwa haikupatana na ile ya 5, ilipewa jina la libc.so.6. Basi kitu kimoja ni cha pili kwa watungaji wake na ni cha sita kwa watumiaji wake, na hesabu zote mbili ni sahihi.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kazi ngumu. Programu iliyojengwa juu ya 5, ikiita maktaba nyingine iliyojengwa juu ya 6, ilijikuta na maktaba mbili za C ndani ya tumbo moja, ikaanguka. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulikuwa ukigawa programu katika vifurushi, na kila kifurushi kilitaja vile kinavyovitegemea. Wao waliitia namba ya mapatano ndani ya jina la kifurushi lenyewe, hata libc5 na libc6 vikaweza kukaa pamoja katika mashine moja. Maktaba zilizojengwa upya juu ya libc6 ziliongezewa herufi g, yaani za GNU. Toleo lao la 2.0 lilitoka Julai 1998.

Tangu hapo namba ya 6 haijabadilika katika mashine nyingi, ingawa maktaba imeendelea kukua. Iliwezekana kwa sababu kuanzia toleo la 2.1, mwaka 1999, kila kazi iliyomo ndani ya maktaba iliweza kupewa alama yake ya mapatano. Faida ya jambo hilo ilionekana baadaye. Mwaka 2010 kazi ya kunakili kumbukumbu, iitwayo memcpy, iliharakishwa, na sauti za video za Flash zikaharibika katika Fedora 14. Sheria iliyoandikwa ilikataza kunakili sehemu inayojipanda yenyewe. Flash ilikuwa ikifanya hivyo, na kwa miaka mingi haikudhurika. Wenye maktaba walisema sheria iko upande wao. Linus Torvalds alishika upande wa watumiaji. Mabishano haya hayatakuwa mageni kwa yeyote aliyewahi kuketi katika kikao cha kusanifu istilahi, ambamo kanuni na mazoea hugombania kiti kimoja. Mwaka 2011, katika toleo la 2.14, programu za zamani zilirudishiwa tabia ya zamani, na mpya zikafungwa na sheria.

Kwa hiyo tunapendekeza toleo libaki kwa kile kinachotolewa na watungaji, na ile ahadi iitwe namba ya mapatano. Kuziita zote mbili toleo, kama miongozo mingi ifanyavyo, ni kumwambia fundi kwamba libc.so.6 ni mpya kuliko 2.14, jambo lisilo na maana yoyote.

Mwaka 2024 Debian walilazimika kubadili majina tena, safari hii kwa sababu ya kalenda. Mashine za biti 32 huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kuipanua kuliyavunja mapatano ya mamia ya maktaba ambazo watungaji wake hawakubadili namba yoyote, basi vifurushi vyake vikaongezewa t64 mwishoni mwa majina. Kifurushi cha zlib hakikuhusika. Kingali kikiitwa zlib1g, na ile herufi ya miaka ya kuhama ingali mahali pake.