Kengele ya Chuma cha Reli

Shuleni kwetu, wilaya ya Nachingwea, kengele ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Niliisikia miaka saba bila kujiuliza imetoka wapi, maana reli yenyewe sikuwahi kuiona. Niliiona Dar es Salaam, nimeshamaliza kidato cha nne. Huko huko, kijiweni, jamaa mmoja akanitania: "Nyie watu wa Kusini mmelala sana, ndiyo maana kwenu hakuna maendeleo." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, lakini neno lile likanikwama kama mwiba wa samaki.

Hivi kweli tulilala? Msomaji mwenzangu, Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa kusifiwa. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Uarabuni, kusi ikawarudisha, na dhahabu ya Sofala ikapitia pale. Jiografia ndiyo iliyoitajirisha Kusini, wakati Dar es Salaam haijazaliwa.

Leo tunaambiwa jiografia hiyo hiyo ndiyo iliyotunyima: eti Rufiji ni mto mkubwa, na masika barabara hazipitiki. Ni kweli. Babu alinihadithia walivyolala siku tatu Ndundu wakingoja pantoni, chakula kimewaishia. Lakini Wajerumani walipotaka, walivuta reli kutoka Tanga hadi Moshi, na nyingine kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1,200. Mabonde na mabwawa hayakuwazuia. Kusini walikuja na moto: kuzima Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi.

Reli yetu ililetwa na Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwao kulikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, basi mwaka 1947 wakaanzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa reli, na bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, iliyofunguliwa mwaka 1954. Kichekesho ni kwamba mradi wenyewe ulishakufa tangu 1951! Bandari ikabaki inangoja karanga ambazo hazikuja. Reli ikaonekana hailipi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Sasa niambieni, ni mto gani ulioing'oa?

Daraja la Rufiji, karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Mkapa, mzaliwa wa Masasi. Mto ulikuwa ule ule wa babu. Kufikia hapo vijana wa kwetu walishajazana Dar, wakitembeza bidhaa mikononi juani, mpaka jina la Wamachinga, kabila la Lindi, likawa jina la kila mchuuzi. Ndio hao waliolala?

Nilipokwenda kusalimia nyumbani nilipita shuleni. Chuma kimebonyea upande mmoja kwa kugongwa. Nikamwuliza mwalimu wa zamu kilikotoka. "Mimi nilikikuta," akasema, akachukua nondo na kugonga, watoto wakatoka mbio.