Kipima pH: kilinganishe kabla ya kununua chokaa

Baadhi ya vikundi vya wakulima sasa vina kipima pH cha mkononi, cha kujua kama shamba linahitaji chokaa. Lakini kipima hicho kinaweza kudanganya. Udongo wa pH 5 kikiusoma 6, mkulima atajiona salama wakati asidi inadhoofisha mizizi ya mahindi yake. Kikikosea upande wa pili, atanunua chokaa asiyoihitaji. Tukumbuke kuwa tofauti ya namba moja ya pH ni asidi mara 10.

Kwa nini kinapotoka?

Ncha yake ni tufe jembamba la kioo linalotoa umeme mdogo sana kulingana na asidi iliyopo. Umeme huo hubadilika kioo kinapozeeka, kinapochafuka au kinapokauka. Ndiyo maana tunakilinganisha na bufa, yaani myeyusho ambao pH yake inajulikana.

Namna ya kulinganisha, kila siku ya kupima

1. Suuza ncha kwa maji yaliyokenekwa. Gusisha karatasi laini inyonye tone, usisugue.
2. Ichovye kwenye bufa ya 7. Subiri namba itulie, kisha bonyeza kitufe cha kulinganisha.
3. Suuza, halafu fanya hivyohivyo kwa bufa ya 4. Kwa udongo wa magadi, tumia ya 10.
4. Rudi kwenye bufa ya 7. Isiposoma 7 au karibu sana na hapo, anza upya.

Bufa iliyotumika imwage. Usiirudishe kwenye chupa.

Namna ya kutunza

Ncha isikauke. Weka ndani ya kifuniko matone ya myeyusho wa kuhifadhia, ambao ni wa potasiamu kloridi. Ukikosa, tumia bufa ya 4. Usiihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, kwani huvuta chumvi inayohitajika ndani ya ncha. Na maji makali ya betri ni asidi, yasikaribie kabisa.

Ukimaliza kupima, ondoa tope mara moja. Ncha iliyokauka iloweke usiku kucha kwenye myeyusho wa kuhifadhia, kisha linganisha. Namba ikiendelea kuyumba, ncha imechoka, ibadilishwe.

Tunashauri tarehe ya kulinganisha iandikwe kwenye daftari la kikundi. Kabla hela ya chokaa haijatoka, mmoja wenu aulize: kipima kililinganishwa lini?